Kioo Nilichokikwaruza Mimi

Akinyi mwanangu,

Umeenda Kondele kusukwa, na kwa ile mistari midogo midogo uliyoitaka najua hutarudi kabla ya jua kuzama. Nimemshukuru Mungu kwa hiyo mistari. Nilikuwa natafuta saa mbili tatu za kukaa peke yangu na kalamu, na wewe tangu barua ya chuo ifike umekuwa ukinifuata jikoni na maswali ya shuka na ndoo.

Sitaandika mambo ya shuka. Wala sitakuambia ufunge mlango, ule ushibe, uchague marafiki. Hayo utaambiwa na shangazi zako kesho asubuhi mkingoja basi la Eldoret, kila mmoja kwa zamu yake, na wa mwisho atarudia ya wa kwanza. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi, na mtu akinisikia vile ninavyobishana sokoni hawezi kuamini kwamba kuna neno limewahi kunikwama kooni. Lakini mdomo wangu unajua kuuza omena. Kuomba msamaha haukufundishwa, ndiyo maana naandika.

Ile TV hukuiharibu wewe. Niliikwaruza mimi.

Soma tena hapo juu kama unataka, mimi sina haraka. Nikishaiandika, naona ni sentensi fupi sana kwa kitu kilichonilaza macho wazi mara nyingi hivyo.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Nilikuwa nimejizoesha. Kilichonivunja ni wewe mwenyewe, wiki mbili zilizopita, ulipokuwa unachambua sukuma pale mlangoni. Ulisema, tena kwa kicheko, "Mama, hiyo kozi ya maabara ni vioo tupu. Wacha niombe ile ingine ya kupanga mafaili. Si unajua mikono yangu?" Nikacheka na wewe, maana katika nyumba hii mikono yako imekuwa mzaha wetu wa siku zote. Kikombe kikianguka, hata kama uko shuleni, lazima mtu aseme, "Hiyo ni mikono ya Akinyi." Halafu nikatoka kwenda bafuni, nikafungua mfereji ili usinisikie, nikalia. Umesoma ukafaulu, umeitwa kujifunza kazi uliyoitaka tangu darasa la sita, na ulikuwa tayari kuiacha kwa sababu ya uongo wangu.

Sasa nikueleze yote, bila kujipunguzia.

Unajua mimi nimezaliwa Usenge, na unajua wanawake wa huko na sufuria zao. Bibi yako, mama yangu, alikuwa hapimi msichana kwa sura. Alikuwa anageuza sufuria kutazama sehemu ya chini. Tulizipeleka ziwani asubuhi, tukachukua mchanga na majivu, tukasugua mpaka mikono inawaka, halafu zikapangwa ukutani zing'ae, mgeni azione hata kabla ya kusema hodi. Kitu kikikataa kutoka, mama alikuwa na dawa moja tu. "Ongeza nguvu," alisema. Nilikua na hiyo dawa. Niliitumia kwa sufuria, kwa biashara, kwa baba yako mwanzoni mwa ndoa hadi akakimbilia kwa kaka yake siku tatu, na Mungu anisamehe, niliitumia kwa TV.

Baba yako alikuwa ameileta akitoka safari na lori, imefungwa katika blanketi mbili. Ilikuwa TV bapa ya kwanza katika ploti yetu hapa Nyalenda. Aliitundika juu ukutani, mahali ambapo watoto wa majirani wasingefika, na mimi nikaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Ilikuwa haijamaliza mwezi nyumbani dani yako, mama wa baba yako, alipotuma neno kwamba anakuja kutoka Katito kuiona. Mama mkwe anakuja kuona kitu kinachong'aa! Wewe ulikuwa na miaka tisa, hukujua vita hivyo. Dani yako alikuwa mwanamke mzuri, lakini alikuwa na kidole chake cha shahada, na akiingia kwangu alikipitisha juu ya kila meza kisha anakitazama.

Jioni ya kuamkia siku hiyo uliacha dirisha wazi na TV inawaka. Ilikuwa wakati wa vile vidudu vya ziwani, vinavyopanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa. Nilipotoka sokoni asubuhi yake nilikuta ukuta mweusi na kioo kimejaa. Kumbe wewe ulikuwa umeshajaribu. Uliinuka mapema, ukachukua kanga yangu kuukuu, ukailowesha, ukajinyoosha kwa vidole vya miguu ukapanguza pale ulipofika, yaani chini, mstari mmoja kama upana wa kiganja. Halafu ukaenda shule. Pale chini ulipopanguza palikuwa safi kabisa, Akinyi. Nilipaona kwa macho yangu. Hapakuwa na alama hata moja.

Juu ndiko kulikokuwa na kazi. Vidudu vilikuwa vimekauka, vimeshika. Nilipitisha kitambaa, vikaacha mafuta na mabawa. Nikapitisha tena. Saa zinakwenda, dani yako yuko njiani, kuku hajachinjwa. Nikaingia jikoni nikachukua ule waya wa kusugulia sufuria, nikautia sabuni kidogo, nikapanda kiti. Nikaongeza nguvu.

Nilisugua kona ya juu, mkono wa kulia, kwa duara, kama nilivyofundishwa. Povu lilinificha nilichokuwa nikifanya. Nilipolipangusa niliona zile duara zote, moja ndani ya nyingine, zimekaa pale kwenye kioo. Nilidhani ni sabuni. Nikamwagia macho maji, nikatazama tena. Nikashuka kwenye kiti, nikakaa sakafuni na waya mkononi.

Hapo bado sikuwa nimekukosea. Kuharibu kitu kwa kutojua ni jambo la binadamu, na baba yako angepiga kelele siku mbili akanyamaza. Kosa langu lilikuja saa kumi, dani akiwa kwenye kiti kikubwa na chai yake, baba yako alipowasha TV kwa madaha na mwanga wa dirisha ukaangukia ile kona.

"Hii kitu nani ameigusa?" aliuliza.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini nilimwona dani yako ameinua kichwa ananitazama, na nikawaza atakavyosema Katito yote kwamba mke wa mwanawe anaosha TV na waya wa sufuria. Wewe ulikuwa umeketi kwenye mkeka na sare ya shule. Ukasema, polepole, "Baba, ni mimi nilipanguza asubuhi."

Ulisema kweli. Ulipanguza. Wewe ulikuwa unakiri kosa ulilodhani ni lako, na mimi niliyejua nikamimina chai.

Baba yako hakukupiga. Wakati mwingine nawaza ni heri angekupiga, mimi ningejitupa katikati na ukweli ungetoka. Alikuambia tu, "Kuanzia leo usiguse kitu cha stima katika hii nyumba. Mikono yako ni ya kuharibu." Dani akacheka, akasema mtoto huyo apelekwe shamba. Nawe ukaficha mikono nyuma ya mgongo. Mpaka leo nikifumba macho naona hiyo mikono ikienda nyuma.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakunijua mimi. Yangu imekuwa na milima na mabonde.

Wiki iliyofuata nilifunga TV katika blanketi nikaipeleka kwa fundi wa Kondele, na kwenye tuktuk haikuenea vizuri, ikabidi uje kuishika upande mmoja. Unamkumbuka yule fundi mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi? Aliiwasha, akaizima, akaigeuzia kwenye mwanga. Akapitisha ukucha pale kwenye duara.

"Mama, hii imesuguliwa na nini? Hii si kitambaa."

"Mtoto alipanguza," nikasema.

Alinitazama. Akakutazama wewe, ulivyokuwa kimo cha meza yake. Akatazama duara, upana wake, na pale juu zilipokuwa. "Huyu mtoto wako ako na mkono mrefu," akasema, basi. Wewe hukuelewa, ulitazama mikono yako. Mimi nilielewa nikataka ardhi inimeze.

Hakuniaibisha zaidi. Alinifundisha kama mtu anayemfundisha mteja yeyote. Alisema, "Mama, kama kioo imekwaruzwa juu juu tu, unaweza punguza. Unazima kwanza, unatoa stima, unaacha ipoe. Kitambaa iwe laini, ile ya miwani, maji kidogo tu, na mkono mwepesi. Usifinye. Lakini hii yako imeingia ndani. Hii haitoki. Na kila ukisugua ndio itoke, unaipanua. Wacha hivyo. Ikiwaka watu wataona picha."

Je, niliacha hivyo? Wewe unanijua. Nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba fundi ni mvivu. Jirani alisema dawa ya meno, nikapaka dawa ya meno na kusugua, ikaniachia wingu jeupe ambalo halikuwepo. Mwingine akasema raba ya penseli, nikakuibia raba yako. Mafuta ya mgando yalinidanganya kabisa, maana yanajaza ule mfereji, mkwaruzo ukapotea, nami nikaimba wimbo wa kanisani jikoni. Baada ya siku mbili vumbi lilikuwa limeshika pale, na duara zikaonekana hata kutoka mlangoni. Mwisho nilipaka rangi ya kucha, ile isiyo na rangi. Ilikauka ikawa kipande kama kisiwa, na kipo mpaka leo, msomaji wa habari akikaa upande huo anakuwa na mashavu matatu.

Na kila nilipojaribu, nilijaribu wewe ukiwa shuleni. Ukirudi unaona pameharibika zaidi, unadhani ni kosa lako lile lile linakua. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi nilificha, nikafuma kitambaa kikubwa zaidi, nikakishusha mpaka kikafunika kona nzima, na watu wakasifu maua.

Wewe nawe ukabadilika, na ubaya ni kwamba nilikusifu kwa kubadilika. Ulianza kuosha vikombe kimoja kimoja, mikono miwili, unavitua mezani kama mayai. Nikawaambia wanawake wa soko nina binti mwangalifu. Mwalimu wako wa sayansi aliniita ulipokuwa darasa la saba akasema, "Mama Akinyi, huyu anajua majibu yote lakini hataki kushika chupa za maabara." Nikamwambia ndivyo alivyozaliwa. Hukuzaliwa hivyo. Ulizaliwa unashika kila kitu, ulikuwa unashika mpaka mkia wa paka.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo nadhani wewe umelisahau. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mwiba wa pezi la mbuta ulinichoma kiganja sokoni ukakatikia ndani, nami kwa ukaidi wangu nikaufinya na kuufinya mpaka mkono ukavimba hata siwezi kushika kijiko. Nilikataa kwenda hospitali. Ulinikalisha pale mlangoni penye mwanga, ukachoma sindano kwenye moto, ukaniambia nitazame barabara. Nikawa natazama, naongea na mama wa mandazi, nangoja maumivu yaanze. Nikakuuliza, "Utaanza lini?" Ukanionyesha mwiba. Ulikuwa umeshatoka, uko juu ya ukucha wako.

Nilikushukuru nikaenda kulala, na sikulala. Nilikuwa nikisikia sauti ya yule fundi akisema mkono mwepesi, mkono mwepesi. Ule mkono alioutaka ulikuwa nyumbani kwangu siku zote, na mimi ndiye niliyeufundisha kuogopa. Ningekuambia asubuhi ile. Nilipika chapati badala yake, na wewe ukashangaa chapati siku ya Jumatano.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Ukinikasirikia, kasirika vizuri, kasirika mpaka iishe, usije ukaweka kiporo. Kama utataka kunyamaza mwezi mzima huko Eldoret, nyamaza, mimi nitapiga simu na kuongea peke yangu, unajua naweza. Ninachotaka kimoja tu, usiende kule na mikono nyuma ya mgongo. Utavunja chupa huko. Kila mtu anavunja. Ukivunja, sema "nimevunja", chukua ufagio, uendelee. Usikiri ya wengine kwa sababu umezoea, na yako usiyapake mafuta. Nimejifunza hilo kwa gharama yako, kwa hiyo ni lako kabla ya kuwa langu.

Baba yako ameshajua. Nilimwambia leo baada ya kanisa, ulipotoka tu. Nilikuwa nimempakulia samaki. Nikasema yote nikiwa nimesimama, nikianzia kwenye waya. Aliweka tonge chini.

"Nyar Usenge," akasema, binti wa Usenge, anavyoniita tu kukiwa na jambo, "miaka kumi?"

"Miaka kumi."

Nilingoja kelele. Alinawa mikono, akaenda sebuleni akasimama mbele ya TV. Akakishika kile kitambaa changu cha maua akakiondoa, akakikunja, akaniwekea mkononi. Alitazama ile kona muda mrefu. Kisha akasema, "Na mimi sikujiuliza mtoto wa miaka tisa alifikaje huko juu. Baba mzima, dereva, napima lori kwa macho." Sauti yake haikuwa nzuri. Alipanguza uso kwa mkono wa shati akatoka nje. Nilidhani ameenda kwa kaka yake tena, siku tatu nyingine.

Lakini nilipochungulia dirishani nilimwona bombani. Alikuwa amechukua kile kitambaa cha miwani yake, kile ambacho hata mimi haniruhusu kukigusa, anakifua kwa vidole viwili na sabuni ya kuogea. Akakianika kwenye kamba kwa vibanio viwili, akaketi kando yake kwenye ndoo mpaka kikakauka. Mtu akilinda kitambaa kimoja kisiibwe! Nilicheka nikalia kwa pamoja, jambo ambalo sikujua linawezekana.

Ndicho hicho utakachokikuta ndani ya bahasha hii. Nitaiweka juu ya mto wako, na mimi nitakuwa jikoni najifanya natafuta mwiko. Vidudu vya ziwa vimeanza kupanda sasa hivi, nasikia vinagonga wavu wa dirisha, na safari hii nimelifunga mwenyewe.

Kesho saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mabegi kutoka, baba yako atakuomba umpanguzie TV. Ameniambia nisikuambie, lakini nimeshachoka na kuficha. Ameshaichomoa kwenye stima ili ipoe. Ule mkwaruzo hautatoka, fundi alisema kweli. Vumbi litatoka. Usimwambie huwezi, Akinyi, na usitafute kiti. Siku hizi unafika huko juu.

Ni mimi mama yako, niliyeshika waya.